Kamba Niliyoifunga Kwenye Mizinga ya Waajemi

Kwa wiki tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya kamba. Haikuwa kamba ya ng'ombe wala ya kuanikia nguo. Ilikuwa kamba ya mkonge niliyoifunga kwenye magurudumu ya mizinga ya Waajemi, mamia ya miaka baada ya askari wenyewe kuoza, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mjini Kitale. Nilijilaza nikiwaza, nikageukia upande wa pili nikawaza upya: uongo mdogo ukitungwa na mtu mmoja, akausoma wa pili, akauamini wa tatu, halafu ukamfikia mtu unayemheshimu naye akaupenda kwa moyo wote, je, bado ni wa yule wa kwanza? Au umeshakuwa mali ya umma, kama barabara? Nilitamani sana uwe wa umma.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mliomaliza chuo, mkarudi nyumbani na cheti kwenye bahasha ya kaki, na sasa mmesikia kwamba Kitale kuna kazi ya kompyuta isiyohitaji kujuana na mtu. Mimi nimestaafu kazi hiyo. Nina miaka thelathini na moja. Chekeni kwanza, nitangoja.

Mkishamaliza kucheka, sikilizeni. Kazi yenyewe ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, ripoti zao na tasnifu zao, kisha wao wanaweka majina yao juu. Niliifanya miaka saba. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la pembejeo, kwa hiyo nimeandika kuhusu falsafa, uuguzi, benki na ndoa za wafalme huku nikinusa dawa ya kupe. Siku hizi nafanya kazi kwenye duka lenyewe. Nauza mbegu za mahindi na kuwaeleza wakulima kipimo cha mbolea. Nimetoka chumba cha nyuma nikaja mbele, hatua kama kumi na mbili hivi. Zilinichukua muda.

Mwenye chumba tulimwita Prof. Hakuwa profesa, ila alikuwa na miwani na alipenda kusema "kimsingi." Siku yangu ya kwanza alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Ulisoma nini chuo?"

"Historia."

"Uui. Pole bana." Akageukia wenzake. "Huyu mpeni wafalme."

Ndivyo nilivyopewa wafalme.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Cherop, msichana wa Kapsokwony, mkubwa kwangu kwa miaka minne, aliyekuwa akichapa bila kutazama vidole huku akila njugu. Nitawaambia aliyonifundisha, ingawa naona haya, kwa sababu ufundi ni ufundi hata ukiwa wa wizi. Kwanza, soma tanbihi kabla ya kitabu. Tanbihi ndizo zinazokuonyesha nani alimwibia nani. Pili, utangulizi uandikwe mwisho, maana mwanzoni hujui unachosema. Tatu, usimwandikie mteja vizuri kuliko anavyokuandikia ujumbe. Mteja akikosea nukta na mkato, wewe nawe mwachie kosa dogo ukurasa wa tatu.

"Kwa nini wa tatu?" nilimuuliza.

"Wa kwanza mwalimu bado ako macho. Wa pili anataka chai. Wa tatu akipata kosa anafurahi, anaona anafanya kazi. Baada ya hapo hasomi tena."

Na la nne, alilolisema akiwa ameacha kutafuna: "Usitunge chanzo, Wekesa. Ukikosa, andika kwamba haijulikani. Haijulikani haijawahi kumfunga mtu."

Hilo la nne ndilo nililolivunja.

Nyumbani kazi hii haikuwa na jina. Mama alipoulizwa na kina mama wa kanisa, alisema mimi ni mtafiti wa kimataifa. Jumapili moja mchungaji aliniita mbele, akaniwekea mkono kichwani na kuomba nipelekwe mbali zaidi ya hapo. Waumini wakasema amina. Mimi nikasema amina pia, tena kwa sauti, kwa sababu nilihofu kwamba nikisema polepole watajua. Nilipofika kitini nikaanza kuwaza kama amina iliyosemwa juu ya uongo inahesabiwa, na kama inahesabiwa, inaandikwa upande gani. Mama alinipigapiga goti. Mkono wake ulikuwa bado na harufu ya kitunguu.

Mtu mwingine aliyeniita mtafiti ni Mwalimu Nelima wa Ndalu. Huyu lazima mumjue vizuri, kwa sababu bila yeye kamba isingenisumbua. Alinifundisha historia sekondari. Hakuwa mkali wa fimbo. Alikuwa na swali moja tu, na swali hilo lilituchapa kuliko fimbo: "Umeyaona wapi?" Ukisema mfalme fulani alikuwa katili, anauliza umeyaona wapi. Ukisema vita vilianza kwa sababu ya wivu, umeyaona wapi. Kidato cha pili nilisimama nikasema kwa mbwembwe kwamba jeshi fulani lilikuwa na askari elfu kumi.

"Uliwahesabu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa umeyaona wapi?"

"Kwa kitabu."

"Ukurasa?"

Darasa lilikufa kwa kicheko. Nilitafuta ukurasa ule siku nzima, na nilipoupata nilikimbia kumpelekea kama mtoto aliyepata yai la kuku vichakani. Nilisomea historia kwa sababu ya mbio zile. Alipostaafu na mimi nikahitimu, alinipigia simu, akaniita papa kama wazee wetu wanavyowaita vijana wao: "Papa, sasa wewe ndiye utakuwa unaniambia mimi umeyaona wapi." Sikumwambia nafanya nini. Nilisema utafiti, na yeye, aliyemuuliza kila mtu swali lake, mimi hakuniuliza.

Sasa nije kwa Waajemi.

Tulikuwa na mteja tuliyemwita Mteja wa Jeshi. Mtandaoni alikuwa namba tu. Alisoma chuo kikuu katika nchi yenye theluji, hilo nalijua kwa sababu alilalamikia theluji, na alikuwa akiandika, yaani mimi nilikuwa nikiandika, tasnifu kuhusu majeshi ya Wasafavi. Hao ni ukoo uliotawala Uajemi, nchi tunayoiita leo Irani, kwa zaidi ya karne mbili. Nilipoanza sikujua hata jina lao. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nawaota.

Nguvu yao ya mwanzo ilikuwa wapanda farasi wa makabila, walioitwa vichwa vyekundu kwa sababu ya kofia zao. Walimwona shah wao, yaani mfalme, kuwa zaidi ya binadamu, na walishinda mara nyingi mpaka wakaamini hawashindiki. Kisha kwenye uwanda wa Chaldiran wakakutana na jeshi la Waturuki lililokuja na mizinga na bunduki, na magari ya kukokotwa yaliyofungwa kwa minyororo kama ua. Inasimuliwa kwamba jemadari mmoja aliyewajua Waturuki alimshauri shah: tuwashambulie sasa, kabla hawajapanga mizinga. Mwingine akasema huo ni woga. Shah akamfuata wa pili. Yeye si mwizi wa misafara, alisema, waacheni wajipange. Wakajipanga. Farasi walikwenda mbele ya mizinga, na yaliyobaki mnaweza kuyakisia. Wanahistoria wanasema tangu siku hiyo shah huyo hakuongoza tena jeshi vitani mwenyewe.

Kilichonishika hapo ni aibu yao. Waliona aibu kutumia bunduki, kwa kuwa bunduki ni silaha ya mtu anayesimama mbali, na mwanamume husogea karibu. Lakini kupeleka vijana kufa mbele ya chuma hawakukuonea aibu. Aibu yao ilikuwa imekaa mahali pasipo pake. Niliwaza jambo hilo siku mbili nzima, na oda ilikuwa ya siku moja. Prof alinifokea: "Kimsingi, wewe unalipwa kuandika, si kuhurumia farasi!"

Leo naona kwa nini lilinishika. Mimi pia niliona aibu kukaa nyumbani bila kazi, aibu ya kuulizwa "Sasa, bado unatafuta?" kila nikipita sokoni. Aibu ya kuuza maandishi kwa mtu akapate shahada nayo sikuwa nayo, au ilikuwepo lakini niliiweka chini ya gunia.

Basi sura ya nne ilihusu mizinga. Shah wa baadaye alikuwa amejifunza, akajenga jeshi jipya: wapiga bunduki, kikosi cha mizinga, na vijana waliotolewa milima ya Kaukazi wakafunzwa kumtii yeye peke yake badala ya chifu wa kabila. Nikaandika hayo yote vizuri, kila sentensi na ukurasa wake, hata Mwalimu Nelima angeniwekea alama ya vyema. Mteja akarudisha sura na ujumbe: msimamizi wake anauliza mizinga ilipitaje njia za milimani wakati wa matope. Anataka ukurasa mmoja kesho saa sita.

Nilitafuta. Vitabu viwili vilivyoonekana vinafaa vilikuwa vimefungwa, mpaka ulipie. Nilichopaswa kufanya ni kuandika kwamba haijulikani, kama nilivyofundishwa. Lakini akili yangu ina tabia ya kukimbia pande zote kwa pamoja, na siku hiyo ilikimbilia Kapsokwony.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekwenda huko na Cherop kwenye harusi ya dada yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na ile barabara ya kupandia kwao ilikuwa imegeuka uji. Ndugu yake, Ndiema, alinibeba kwa pikipiki. Tulipofika chini ya mteremko mkubwa akasimama, akanishusha, akatoa kamba ya mkonge chini ya kiti. Akaizungusha kwenye gurudumu la nyuma, akiipitisha kati ya nyaya na kuifunga fundo baada ya fundo, mpaka gurudumu likawa kama limevaa sweta.

"Hii ndio gia ya tano, bana," akasema. "Shika mimi. Ukianguka, anguka upande wa mlima."

Tukapanda. Bodaboda wengine walikuwa wakiteleza kando yetu kama samaki, na Ndiema akiwatania: "Si mlinunua pikipiki mkasahau kamba!" Nilifika juu na matope mpaka masikioni, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu nihitimu.

Nikarudi Kitale, nikakaa kwenye kiti changu, na saa tano asubuhi, zikiwa zimebaki dakika sitini, nikaandika kwamba kwenye njia za milimani mafundi wa mizinga wa Wasafavi walizungusha kamba nene za mkonge kwenye magurudumu, fundo baada ya fundo, ili yashike matope. Nikaweka tanbihi. Nikataja hati ya kasri isiyo na jina la mwandishi, iliyohifadhiwa mahali nilipopabuni, nikaipa na namba ya ukurasa. Namba yenyewe niliitoa kwenye gunia la mbegu lililokuwa mlangoni.

Mteja akajibu: "Bora kabisa. Hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Ilipita miaka mitatu. Nilishawaandikia watu wengine mambo mengine. Kisha mwaka huu, baada ya mavuno, Mwalimu Nelima akanitumia bahasha. Ndani mlikuwa na muswada wa kijitabu alichokuwa akiandika kwa ajili ya wanafunzi wa vilabu vya historia, kuhusu namna silaha zinavyobadilisha watu. Kingechapishwa Bungoma siku ya Ijumaa, mwezi ujao, na Jumamosi yake angewagawia walimu kwenye mkutano wao Mabanga. Alikuwa amekiandika kwa miaka miwili, kwa mkono, kisha mjukuu wake akakichapa. Juu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Papa, wewe mtafiti wangu, kagua kabla sijaaibika."

Ukurasa wa kumi na tisa nikakuta kamba.

Alikuwa ameisoma kwenye tasnifu fulani ya ng'ambo iliyowekwa mtandaoni. Akamtaja mwandishi kwa heshima zote, Mteja wangu wa Jeshi, ambaye ndiyo kwanza nilijua ana jina. Chini yake Mwalimu aliongeza maneno yake mwenyewe: kwamba mtoto wa Kapsokwony anayesoma haya akiangalia nje atamwona baba yake akifunga kamba kwenye gurudumu, na ajue kwamba akili ya baba yake na akili ya mafundi wa shah ni ndugu.

Niliufunga ule muswada kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani.

Wadogo zangu, mimi ni mtu wa kuwaza. Nilikuwa na wiki tano, na tatu kati ya hizo nilizitumia kuwaza njia ambazo hazikuwa kusema ukweli. Niliwaza kumwambia aya ni ndefu. Niliwaza kujifanya nimepoteza bahasha. Niliwaza kwamba huenda Waajemi kweli walifunga kamba, nani alikuwepo, na nikaanza kutafuta uthibitisho wa uongo wangu mwenyewe, mchana kutwa, nikiwa nimelipia vile vitabu viwili. Nilichokikuta kilinimaliza. Wasomi wanaeleza kwamba mara nyingi Wasafavi hawakuwa wakiikokota mizinga mizito kwenye milima ile. Njia hazikufaa magurudumu. Walipofika kwenye ngome ya adui waliyeyusha shaba na kuimimina kwenye kalibu, wakaisubu mizinga papo hapo. Jibu zuri ajabu, tena la kweli, lilikuwepo muda wote. Mimi nilikosa subira ya siku moja.

Nikatuma ujumbe wa mwoga: "Mwalimu, kazi nzuri sana. Labda tu aya ya kamba upunguze."

Akapiga simu. "Papa, hiyo ndiyo aya ninayoipenda kuliko zote! Unataka nipunguze mlima?"

"Hapana, Mwalimu. Ilikuwa wazo tu."

"Mawazo yako yamekuwa mengi tangu kidato cha kwanza," akasema, akacheka, akakata.

Nikamwambia Cherop. Yeye alishaacha kazi ya Prof, ana kibanda cha kuuza nguo Kitale. Alisikiliza huku akikunja sweta, na sikumficha namba ya gunia.

"Mkonge?" akauliza. "Uliandika mkonge?"

"Ndiyo."

"Wekesa! Mkonge si ulitoka Amerika? Wazungu ndio waliuleta huku kupanda mashamba. Waajemi wa zamani wangeutoa wapi?"

Hata hilo sikuwa nimeliwaza, mimi ninayewaza kila kitu. Nikaketi juu ya marobota yake.

"Nitamwambia Mwalimu. Na nitawaandikia wale wa chuo cha mteja."

Cherop akaweka sweta chini. "Mwalimu, sawa. Lakini huyo mteja? Ana shahada tayari, labda ana watoto. Ulichukua pesa yake ukamwandikia, sasa unataka kujiosha na maji yake?"

Lilinichoma kwa sababu lilikuwa la haki. Nililizungusha kichwani siku nne. Nilifikia hapa: kama ningemchongea kwa siri ningekuwa mwoga mara mbili. Kwa hiyo nilimwandikia yeye kwanza. Nilimweleza kwamba tanbihi ile niliitunga, kwamba imeanza kuingia kwenye vitabu vya wengine, kwamba ana juma moja kuirekebisha kwa njia anayoona inafaa, na likipita nitaandika mwenyewe, kwa jina langu, nikisema nilichofanya mimi.

Jibu lilikuja kesho yake: "Samahani, nadhani umekosea mtu. Wewe ni nani?"

Miaka miwili nilikuwa nimeishi ndani ya shahada yake, na alikuwa sahihi: sikuwa mtu yeyote. Ndiyo kazi niliyoiomba.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shah na wale Waturuki wakipanga mizinga. Kila siku niliyongoja, niliipa aibu muda wa kujipanga. Siku ya kwanza ingekuwa sentensi moja kwa simu. Sasa ilikuwa na minyororo.

Juma lilipita. Siku ya Jumatano, kabla ya uchapishaji, niliamka, nikasoma barua niliyokuwa nimeiandikia idara ya kile chuo, nikaondoa sifa tatu nilizokuwa nimejipa bila kujua, nikabakiza jina langu, tanbihi, na maneno "niliitunga mimi." Nikaituma. Niliituma nikiwa bado Kitale makusudi, ili nikifika Ndalu nisiwe na mahali pa kurudi. Kisha nikamwambia Prof siji tena. Akavua miwani. "Kimsingi," akasema, halafu akageukia wengine kutafuta wa kumpa wafalme.

Mwalimu Nelima nilimkuta uani, amepinda juu ya turubai, akigeuza mahindi kwa mguu.

"Mulembe, papa! Umekuja bila kusema? Basi shika upande huo, mvua inakuja."

Kwa kweli upande wa mlima ulikuwa umeshakuwa mweusi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yana utangulizi na hitimisho, lakini huwezi kukiri ukiwa umeinama unakokota turubai na kuku wanakukimbilia miguuni. Tukayakusanya mahindi, tukayasukumia chini ya paa la jikoni. Matone ya kwanza yakaanza. Akanipa kigoda na kikombe cha chai, akaketi, akavuta muswada kutoka kwenye kikapu kama aliyekuwa akinisubiri.

"Vizuri umekuja. Kuna kitu kimenisumbua, nikasema nitamuuliza mtafiti. Hii kamba."

Nikaweka kikombe chini.

"Hapa huyu msomi anasema ya mkonge. Mimi nimefundisha jiografia pia, papa. Mkonge haukuwa Uajemi siku hizo. Nikajiuliza, msomi wa chuo kikubwa anaweza kukosea hivyo? Nikasema labda ni mimi mzee nimesahau." Akavaa miwani. "Ama nifute tu mkonge, niandike kamba? Si itakuwa sawa?"

Alikuwa ameniwekea mlango wazi. Neno moja tu, "itakuwa sawa," na kijitabu kingetoka safi, Mabanga wangempigia makofi, mimi ningebaki mtafiti wake. Barua niliyoituma asubuhi asingeisikia kamwe, ilikuwa imeenda kwenye theluji. Nawaambia bila kujipamba: nililifungua domo kulisema neno hilo. Nililionja.

"Haitakuwa sawa, Mwalimu. Hata kamba haikuwepo."

Akanitazama juu ya miwani. Mvua sasa ilikuwa ikipiga bati, ikabidi ainue sauti, na kwa miaka yote tangu nimalize shule ndiyo mara ya kwanza aliniuliza.

"Umeyaona wapi?"

"Kapsokwony," nikasema. "Kwenye pikipiki ya ndugu ya Cherop. Tasnifu hiyo niliiandika mimi. Ndiyo kazi ninayofanya, Mwalimu, ndiyo niliyokuwa nikifanya. Nilikosa chanzo nikakitunga."

Aliangalia mahindi, akaokota punje moja iliyotoka nje ya turubai akairudisha. Nilitaka anigombeze. Nilitaka hata alie, nipate cha kufanya.

"Miaka mingapi?" akauliza.

"Saba."

"Na mimi nilikuwa nawaambia watu una akili ya kuuliza."

Hilo ndilo alilosema tu, na bado nalisikia ninapopima mbegu. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akauweka juu ya magoti yangu, akanipa kalamu yake nyekundu.

"Sentensi yangu ya baba wa Kapsokwony inabaki, hiyo ni ya kweli," akasema. "Hizo nyingine ni zako. Zifute, uandike walichofanya Waajemi kama umekiona, na ukurasa. Halafu andika tanbihi. Na uweke jina lako, mara hii moja."

Nikafuta. Nikaandika juu ya mizinga iliyosubiwa chini ya kuta za ngome, na kitabu, na ukurasa. Wino ukasambaa kwenye alama ya tone la mvua. Kisha nikaandika chini, kwa herufi ndogo, tanbihi iliyochapishwa Ijumaa hiyo kama ilivyo:

"Kamba nimeiona Kapsokwony, wakati wa mvua, kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki. Kwa Waajemi sikuiona. Wekesa, Kitale."